Namba, Idadi au Kisobadilika? Uhakiki wa Istilahi ya Avogadro

Miongoni mwa istilahi za kemia zilizoingia katika Kiswahili bila ya kupimwa sawasawa ni ile inayochukua jina la Avogadro. Mwalimu mmoja atasema "namba ya Avogadro", wa pili "idadi ya Avogadro", wa tatu "konstanti ya Avogadro", na wa nne, apendaye maneno yaliyoundwa nyumbani, atasema "kisobadilika cha Avogadro". Lau yote manne yangekuwa majina ya kitu kimoja, kazi ya msanifishaji ingekuwa nyepesi: angeteua moja, na mengine angeyaacha yafe kwa kukosa watumiaji. Lakini hayo si majina ya kitu kimoja. Yanagusa dhana mbili, ambazo zimekaribiana mno hata tarakimu zake ni zile zile, na ambazo mwanafunzi akizichanganya huharibikiwa na hesabu zake za kemia tangu mwanzo.

Msomaji asidhani kuwa huu ni ubishi wa maneno matupu. Katika Tanzania sayansi ya shule ya msingi imefundishwa kwa Kiswahili kwa miaka mingi, lakini somo la moli hukutwa katika sekondari, ambako lugha ya kufundishia imekuwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie katika sekondari pia. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake ni kwamba istilahi za shule ya msingi, mathalani "mvuke", "sumaku" na "usanisinuru", zimepita katika vinywa vya mamilioni ya watoto zikalainika, ilhali istilahi za sekondari hazijapata kinu cha kutwangiwa. Walakini Kiswahili hakikosekani katika madarasa hayo. Mwalimu akiona nyuso za wanafunzi zimekunjamana huuweka kando ule mtindo wa kitabu na kueleza kwa Kiswahili, na hapo ndipo neno lisilopimwa hufanya madhara, kwa kuwa maelezo yale ndiyo mwanafunzi anayoondoka nayo darasani.

Tuanze na kipimo chenyewe. Moli ni kizio cha kiasi cha dutu katika mfumo wa kimataifa wa vipimo. Mwaka 1971, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulipoiingiza moli katika safu ya vizio vya msingi, moli ilifafanuliwa kwa kutegemea mizani: ilikuwa ni kiasi cha dutu chenye chembe kadiri ile ile ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Idadi yenyewe haikutajwa. Ilikuwa ni jambo la kutafutwa maabarani. Mkutano wa 26, uliofanyika Versailles, Ufaransa, mwezi Novemba 2018, uliyageuza mambo, na uamuzi wake ukaanza kutumika tarehe 20 Mei 2019. Sasa moli moja ina chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, si zaidi wala si pungufu. Yaani 602,214,076 ikifuatwa na sifuri 15. Kamusi za sayansi tulizo nazo, kama vile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, zilitungwa kabla ya mageuzi hayo. Haikuwezekana zieleze ufafanuzi ambao haujazaliwa, wala si haki kuzilaumu. Lakini mwandishi wa leo anayenakili ufafanuzi wa zamani kana kwamba bado unatawala, huyo yafaa alaumiwe.

Sasa tofauti iliyopo kati ya namba na kisobadilika yaweza kuonekana bila ya kwenda mbali na pwani yetu. Wafanyabiashara wa boriti za mikoko walihesabu mali yao kwa korija. Mtu akiuliza korija ni ngapi, jibu ni 20: namba tupu, isiyo na mkia. Lakini karani aliyepokea korija 3 na kutaka kujua ni boriti ngapi, hakuzidisha kwa 20 tupu. Alizidisha kwa boriti 20 kwa kila korija. Korija ikafutana na korija, zikabaki boriti 60. Bila shaka hakuiandika hatua hiyo daftarini mwake, kwa sababu hesabu ya boriti ni fupi na akili huiruka. Kwa hiyo ipo "namba ya korija", ambayo ni 20, na upo uhusiano usiobadilika baina ya korija na boriti, ambao ni 20 kwa korija. Tarakimu ni moja, dhana ni mbili.

Ndivyo ilivyo katika moli. Namba ya Avogadro ni 6.02214076 × 10²³, basi. Kile kiunganishacho moli na idadi ya chembe ni 6.02214076 × 10²³ kwa moli, na hayo maneno mawili ya mwisho si pambo. Gramu 36 za maji ni karibu sana na moli 2. Ukitaka kujua zina molekuli ngapi, unazidisha moli 2 kwa 6.02214076 × 10²³ kwa moli, na jibu ni molekuli 1.204428152 × 10²⁴. Mwanafunzi aliyefundishwa kuzidisha kwa namba tupu atapata tarakimu sahihi, lakini jibu lake kwa haki lasema "moli 1.204428152 × 10²⁴", jambo ambalo ni upuuzi mtupu: hayo ni maji yenye tungamo la zaidi ya tani milioni bilioni elfu ishirini.

Aliye na shaka bado na atazame jamaa za kisobadilika hiki. Kisobadilika cha Boltzmann, ambacho ni 1.380649 × 10⁻²³ jouli kwa kelvini, huhusu chembe moja moja. Kisobadilika cha gesi, takriban 8.314 jouli kwa moli kwa kelvini, huhusu moli nzima. Hiki cha pili hupatikana kwa kuzidisha kile cha kwanza kwa kisobadilika cha Avogadro. Kama kizidishio kingekuwa namba tupu, hiyo "kwa moli" iliyomo katika kisobadilika cha gesi ingetoka wapi? Vivyo hivyo chaji ya elektroni moja, 1.602176634 × 10⁻¹⁹ kulombi, ikizidishwa kwa kisobadilika cha Avogadro hutoa kisobadilika cha Faraday, takriban kulombi 96,485 kwa moli, ambacho wanafunzi hukitumia katika hesabu za kuchovya vyuma kwa umeme. Mwanafunzi asiyeijua "kwa moli" inatoka wapi huikariri tu, na siku ya mtihani hukariri vibaya.

Inafaa kueleza jinsi mkanganyo huu ulivyozaliwa, maana haukuanza na sisi. Amedeo Avogadro, Mwitalia wa Turin aliyesomea sheria kabla ya kugeukia fizikia, aliandika mwaka 1811 kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo ile ile, zina molekuli sawa kwa idadi. Hakusema ni molekuli ngapi. Alikufa mwaka 1856 bila ya kuijua namba inayobeba jina lake. Aliyepiga hatua ya kwanza ya kuikadiria alikuwa Josef Loschmidt wa Vienna, mwaka 1865, alipokisia ukubwa wa molekuli za hewa. Na kwa muda mrefu wanasayansi wanaotumia Kijerumani waliihusisha namba hiyo na jina la Loschmidt. Jina la Avogadro lilipendekezwa na Mfaransa Jean Perrin mwaka 1909, katika uchunguzi wake wa mwendo wa chembe ndogo zinazoelea majini, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1926. Perrin alikuwa akizungumzia idadi ya molekuli zilizomo katika gramu-molekuli moja, na gramu-molekuli ilikuwa ni tungamo fulani la dutu. Kwa ufafanuzi huo jibu lilikuwa ni namba tupu, na aliyesema "namba" hakukosea. Ni baada ya moli kuwa kizio cha msingi mwaka 1971 ndipo kile kiungo kilipovaa "kwa moli" na kuwa kitu kingine. Lugha nyingine zilibakia na majina yote mawili, la zama za kale na la zama mpya, na sisi tukayarithi yote mawili pasipo kurithi historia yake.

Kwa ajili hiyo maelezo yasemayo kwamba namba hii "iligunduliwa na Avogadro" yafaa yafutwe popote yanapoonekana. Jina ni la heshima. Wako wanaotaka liondolewe kabisa na pasemwe "kisobadilika cha moli". Hoja yao ina nguvu kidogo, kwani mwanafunzi hukutana pia na kanuni ya Avogadro juu ya gesi na kudhani ni jambo lile lile. Lakini jina hilo limeenea duniani kote, na anayesoma vitabu vya lugha nyingine atalihitaji. Na libaki.

Tuyapime sasa maneno yenyewe. "Namba", au "nambari" kama wasemavyo wenzetu wa Kenya, katika matumizi ya kila siku ni alama ya kutambulisha: namba ya nyumba, namba ya gari, namba ya simu. Anayesikia "namba ya Avogadro" kwa mara ya kwanza ana haki ya kudhani kuwa ni ya kumtafutia bwana huyo. Walakini hesabu imekwisha kulitwaa neno hili kwa maana yake pana, na katika "namba tasa" au "namba kamili" hakuna anayebabaika. Linafaa kwa ile dhana ya kwanza, yaani tarakimu zisizo na kizio, na kwa hiyo peke yake.

"Idadi" lina sura nzuri zaidi, kwa sababu ni neno letu la kuhesabia vitu: idadi ya watu, idadi ya mifugo, idadi ya kura. Lakini uzuri huo huo ndio unaolitia dosari hapa. Katika Kiswahili, kinachofuata "idadi ya" ni kile kinachohesabiwa. Idadi ya ng'ombe hutuambia ng'ombe ni wangapi. Basi "idadi ya Avogadro", kwa kanuni hiyo hiyo ya sarufi, hutuambia akina Avogadro ni wangapi. Mtu aweza kusema kwamba msikilizaji ataelewa tu. Ataelewa, lakini istilahi inayohitaji kusamehewa kila inapotamkwa si istilahi sanifu. Na tena, aliyeteua "idadi" amejifunga: hawezi kuongeza "kwa moli" pasipo maneno kugongana, maana idadi ya vitu haina kizio.

Ama "konstanti", kosa lake si konsonanti tatu zilizorundikana kati, ijapokuwa wengi wetu tutaitamka "konisitanti" tupende tusipende. Kiswahili kimemeza skrubu na ekspresi na hakikusakamwa. Kosa lake ni ububu. Neno hili halimwambii mwanafunzi lolote ambalo hakulijua kabla, na akishalizoea katika Avogadro halimsaidii kutambua kwamba Boltzmann, Planck na Faraday ni watu wa ukoo mmoja, isipokuwa kwa kukariri.

Limebaki "kisobadilika". Kiso- ni ufupisho wa kisicho-, na washairi wetu wameutumia ufupisho huo tangu kale, kama katika asojua na lisofaa. Wako wanaolalamika kwamba lugha ya ushairi haina kazi maabarani. Hatuoni kwa nini. Umbo ni fupi, lina wingi wake wa visobadilika, na maana yake iko wazi kwa kila ajuaye Kiswahili hata kama hajaingia darasa la kemia. Lawama ya haki zaidi ni ile inayotoka kwa walimu wa hisabati: "kibadilika" na "kisobadilika" hutofautiana kwa silabi moja tu, na mwenye kuandika imla anaweza kukosa kuisikia. Lawama hiyo ni ya kweli katika aljebra, ambako yote mawili hutokea katika sentensi moja. Katika kemia hakuna kitu kiitwacho kibadilika cha Avogadro, na hatari ni ndogo.

Ipo hoja nyingine dhidi ya neno hili, nayo yastahili kujibiwa kwa kirefu kidogo kwa sababu yagusa ukweli wa jambo. Husemwa: vipi tukiite kisobadilika hali thamani yake imebadilika mara nyingi? Ni kweli. Perrin mwaka 1909 alipata takriban 7 × 10²³. Thamani iliyopendekezwa kimataifa kwa mwaka 2010 ilikuwa 6.02214129 × 10²³, na ya mwaka 2014 ikawa 6.022140857 × 10²³. Lakini kilichokuwa kikisahihishwa ni ujuzi wa wapimaji, na namna walivyousahihisha yafaa ijulikane.

Walitengeneza matufe ya silikoni, karibu yote ya aina moja ya atomu, silikoni-28. Kila tufe lilikuwa na tungamo la karibu kilo 1 na kipenyo cha karibu sentimita 9.4, likasuguliwa hata likawa miongoni mwa vitu vya mviringo kamili zaidi vilivyopata kuundwa na mikono ya watu. Katika fuwele ya silikoni atomu zimejipanga kwa vyumba vya mchemraba, na kila chumba kina atomu 8. Upana wa chumba kimoja ulipimwa kwa eksirei, ujazo wa tufe zima ukapimwa kwa mwanga, na kwa kugawanya hiki kwa kile ikajulikana tufe lina vyumba vingapi, na kwa hiyo atomu ngapi. Taasisi ya vipimo ya Ujerumani, iliyoko Braunschweig, ilikuwa miongoni mwa zilizoifanya kazi hiyo. Mpanga boriti bandarini ataitambua hesabu hii: hesabu safu moja, hesabu safu ziko ngapi, usipoteze siku kuigusa kila boriti.

Vipimo hivyo vilipofikia usahihi wa kutosha na kukubaliana na vya njia nyingine, ndipo Mkutano Mkuu ulipoikaza thamani ile moja kwa moja. Tangu 2019, basi, kisobadilika cha Avogadro hakibadiliki hata kwa maandishi. Neno letu limekuwa kweli kuliko lilivyokuwa lilipoundwa. Badala yake kimelegea kitu kingine: moli moja ya kaboni-12 haina tena gramu 12 kamili kwa ufafanuzi. Tungamo lake sasa ndilo linalopimwa, ingawa tofauti na gramu 12 ni ndogo mno, na mwanafunzi wa sekondari ataendelea kuandika 12 bila ya dhambi.

Maneno mawili jirani yanahitaji kuguswa, kwa kuwa ufafanuzi hautasimama bila yake. La kwanza ni "kiasi". Mpishi husema kiasi cha sukari akimaanisha vikombe, muuza duka akimaanisha kilo, na mwenye deni akimaanisha shilingi. "Kiasi cha dutu" kwa maana ya kemia si ujazo wala tungamo. Ni kipimo kinachofuata wingi wa chembe. Fundi anunuaye misumari kwa kilo anajua kwamba kilo ya misumari ya inchi 2 ina misumari mingi kuliko kilo ya ile ya inchi 4, na mwalimu anayeanzia hapo atakuwa ameokoa nusu ya kipindi. Hatuna neno bora la kupendekeza kwa sasa, na ni afadhali "kiasi cha dutu" likae zima zima, lisikatwe kuwa "kiasi" tu.

La pili ni "chembe". Vitabu vya biolojia vililitumia kwa maana ya seli, na mapishi hulitumia kwa punje. Hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni kusema "moli moja ya oksijeni" bila ya kutaja chembe gani. Ikiwa ni atomu, tunayo gramu 16. Ikiwa ni molekuli, tunayo gramu 32. Kosa hili lina uhai mrefu katika madaftari ya wanafunzi, na lugha yaweza kulizuia kwa gharama ya neno moja: moli ya atomu za oksijeni, moli ya molekuli za oksijeni.

Kwa hayo tungependekeza vidahizo viwili, visichanganywe. Kisobadilika cha Avogadro: uhusiano usiobadilika baina ya kiasi cha dutu na idadi ya chembe zake zilizotajwa, ziwe atomu, molekuli, ioni, elektroni au nyinginezo, thamani yake ni 6.02214076 × 10²³ kwa moli kamili, tangu 20 Mei 2019. Namba ya Avogadro: tarakimu za kisobadilika cha Avogadro kinapoelezwa kwa moli, bila ya kizio, yaani 6.02214076 × 10²³. Alama ya kisobadilika ni N yenye A ndogo chini yake. L nayo hutumika, na wapo wanaoihusisha na Loschmidt. "Konstanti" iandikwe kama kisawe katika kidahizo cha kwanza, kwa ajili ya wale waliokwisha kuizoea, na "idadi ya Avogadro" isiandikwe popote.